Marufaa, misahafu na mifuko yake: kipi cha kununua, kipi cha kuacha dukani

Ukiingia duka la vitabu vya dini, liwe Darajani Unguja, Kariakoo au Mji wa Kale Mombasa, utakuta marufaa, yaani vile vibao vya kukunja vya kuwekea msahafu wakati wa kusoma, zimepangwa kwa nakshi na rangi. Muuzaji atakutolea kwanza ile iliyochongwa maua na kupakwa dhahabu. Ipokee, ikunje, uigeuze, utazame pale mbao mbili zinapopishana. Marufaa huvunjika hapo, na ikivunjika msahafu uko chini.

Tunavyovitazama hapa ni vitu vinavyouzunguka msahafu nyumbani na chuoni, yaani madrasa: marufaa yenyewe, jalada na mshono wa msahafu, mfuko, juzuu za watoto (vijitabu vya sehemu moja kati ya thelathini za Qur'ani), na hizi spika na kalamu za kielektroniki zilizojaa madukani. Kipimo chetu ni kimoja kwa vyote. Kifaa kizuri ni kile kinachomwezesha mtu kuufungua msahafu kila siku, ukiwa safi, bila kuudhuru. Nyumba nyingi zimeuweka juu ya kabati mahali pasipofikika ila kwa kigoda, kwa nia njema kabisa, na matokeo yake vumbi limeingia kati ya kurasa na mende wamekula gundi ya mgongo. Huko juu umetukuzwa kwa macho na kuachwa kwa mikono.

Tuanze na marufaa ya mbao nzima. Ya asili hutoka katika ubao mmoja. Fundi huchukua ubao wa unene wa sentimita 2 hadi 2.5, huupasua katikati ya unene wake kuanzia ncha ya juu hadi karibu na kati, kisha kuanzia ncha ya chini vivyo hivyo. Pale kati hapasui. Huchonga meno yanayopishana, matano au saba, na meno hayo ndiyo bawaba. Hapana msumari, hapana gundi, hapana chuma. Huwezi kuzitenganisha mbao hizo mbili bila kuzivunja, maana ni ubao uleule.

Kinachoamua umri wake ni nyuzi za mbao. Lazima ziende kwa urefu wa marufaa, kutoka mguuni hadi juu, zikipita ndani ya kila jino. Ubao ukikatwa vibaya, nyuzi zikaenda kwa upana, jino halina kinachoishika ila unene wake, na litakatika siku mtoto atakapoikanyaga au msahafu mkubwa utakapowekwa kwa kishindo. Tazama ubavuni, mahali ambapo vanishi haijafunika vizuri: mistari ya mbao ikiwa inalala kuelekea upande badala ya kupanda juu, irudishe rafuni hata kama nakshi yake inapendeza. Nakshi nyingi kupita kiasi karibu na bawaba nazo ni hasara. Kila tundu la ua lililochongwa pale limeondoa mbao iliyopaswa kubeba uzito.

Marufaa nyingi ziuzwazo kwetu hutoka India, na zilizo bora ni za mti wa sheesham, mbao nzito ya kahawia yenye mistari myeusi. Mji wa Saharanpur, jimbo la Uttar Pradesh, una sifa kubwa ya uchongaji wa namna hii. Kiini cha sheesham hakiliwi upesi na bungua, lakini ile sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na gome huliwa, kwa hiyo marufaa yenye upande mmoja mweupe iache. Za mbao ya mwembe ni nafuu zaidi na hupakwa rangi ya kahawia zifanane na sheesham. Utazijua kwa wepesi wake mkononi na kwa rangi kutoka ukisugua sehemu ya ndani ya meno kwa kitambaa chenye maji kidogo. Mafundi wa Lamu na Unguja wanaochonga milango na samani huchonga pia marufaa kwa agizo. Ukiagiza, taja mninga au mvule uliokauka vizuri, maana mbao mbichi hujikunja ikikauka na meno yakabana hadi marufaa haifunguki, au yakalegea hadi haisimami.

Kabla ya kulipa, fanya haya. Ifungue na kuifunga mara kumi. Isitoe sauti ya kukwaruza wala kukwama upande mmoja. Isimamishe kwenye kaunta iliyo sawa na uguse kila pembe. Ikiyumba, mguu mmoja ni mfupi na hakuna msasa utakaoitengeneza bila kuifupisha miguu mingine. Pitisha pamba au kipande cha nguo laini juu ya uso wa ndani. Nyuzi za pamba zikinasa, hapo pana vibanzi vitakavyochana jalada. Mwisho iwekee kilo mbili za sukari, zile pakiti mbili za dukani, uiache dakika kadhaa. Msahafu wa ukubwa wa kawaida, takriban sentimita 14 kwa 20, ni mwepesi kuliko hizo, lakini mkono wa msomaji mzee huegemea, na wa mtoto huvuta.

Pembe ya kufunguka nayo ina maana. Marufaa inayofunguka chini ya digrii 90 hubana kurasa na kumlazimu msomaji kuzikandamiza kwa kiganja ili aone maneno ya karibu na mgongo, na kila kukandamiza ni kuvunja gundi kidogo. Inayolala sana, kupita digrii 120, huubana mgongo kutoka chini na uzito wote hukaa kwenye meno. Kati ya hizo mbili ndipo pazuri.

Kuna jambo ambalo hata wanaosoma kila siku hawalitambui. Marufaa ina mbao mbili sawa, lakini msahafu uliofunguliwa hauna pande mbili sawa isipokuwa katikati. Chukua msahafu wa kurasa 604 unaochapwa Madina, ulioenea zaidi kwetu. Anayesoma Al-Baqara, inayoanza ukurasa wa 2, ana karatasi moja upande wa kulia na kitabu kizima upande wa kushoto. Anayesoma Juzuu Amma, ile ya mwisho, kuanzia ukurasa wa 582, ana kinyume chake. Mgongo huacha bonde la marufaa na kupanda kwenye ubao mmoja, jalada jepesi huning'inia hewani, na bawaba ya jalada huanza kuchanika pale pale, ndiyo sababu misahafu ya vyuoni huachia jalada la nyuma kwanza: watoto wote wanasoma Juzuu Amma. Dawa ni kitambaa kilichokunjwa, unene wa vidole viwili, ukiweke chini ya upande mwembamba hadi pande zote mbili zilingane. Suratul-Kahf, isomwayo siku ya Ijumaa, huanza ukurasa wa 293. Kwa sura hiyo msahafu hukaa katikati ya marufaa kama ulivyokusudiwa, na kitambaa hakihitajiki.

Vanishi ni adui aliyejificha. Marufaa mpya zikipakwa upesi kwa ajili ya Ramadhani hufika dukani hazijakauka ndani. Juu ni ngumu, lakini ukiweka msahafu wenye jalada la plastiki laini, joto na unyevu wa pwani huzishikanisha, na ukiunyanyua rangi ya jalada hubaki kwenye mbao. Inuse. Harufu kali ya vanishi maana yake iache wazi mahali penye upepo kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuitumia. Usiipake mafuta ya nazi kuing'arisha, kwa kuwa hayakauki, huchacha, na doa la mafuta likipenya ukurasa halitoki. Nta ya nyuki, kidogo sana, ikasuguliwa hadi kitambaa kitoke kikavu, inatosha kwa mwaka.

Marufaa za plastiki hudharauliwa bila haki. Kwa chuo chenye watoto arobaini hizo ndizo za kununua: hazioti kuvu, huoshwa kwa maji na sabuni, bungua hawazijui, na bei yake ni ndogo kuliko za mbao nzima. Kasoro yake ni wepesi. Kwenye sakafu ya vigae huteleza mtoto akigeuza ukurasa, kwa hiyo zitumike juu ya mkeka au busati, au zibandikwe vipande vya mpira miguuni. Chagua zenye ukingo wa chini ulioinuka walau sentimita moja na nusu. Zenye ukingo mfupi huachia msahafu mnene.

Zisizofaa kabisa ni zile za mbao ya unga iliyoshindiliwa, ambayo mafundi huiita MDF, zenye karatasi ya picha ya mbao juu na bawaba ndogo za chuma. Masika moja yanatosha. Unga huo hunywa unyevu na kuvimba, skrubu hupoteza mahali pa kushika, bawaba hung'oka upande mmoja. Hizi hupendwa kwa zawadi za harusi kwa sababu huja na sanduku la mahameli. Ukiipokea, iweke kama pambo tupu na uupatie msahafu marufaa nyingine.

Sasa msahafu wenyewe. Ulioenea zaidi kwetu leo ni ule unaochapwa na kiwanda cha Mfalme Fahd mjini Madina, kilichofunguliwa mwaka 1984, kwa hati ya mwandishi Uthman Taha, mzaliwa wa Syria: mistari 15 kwa ukurasa, kila ukurasa ukiishia mwisho wa aya, na juzuu nyingi zikichukua kurasa 20. Mpangilio huo ni msaada mkubwa kwa anayehifadhi, kwa kuwa aya hukaa kila siku mahali pamoja machoni pake. Waliosoma vyuo vya zamani wamezoea chapa za India na Pakistan zenye herufi nene na alama tofauti kidogo. Kubadili hati katikati ya kuhifadhi humchanganya mtoto, kwa hiyo muulize mwalimu wake kabla ya kununua.

Hati ile ile imenakiliwa na wachapaji wengi, na hapo ndipo macho yatumike. Fungua katikati, ukurasa wa 300 hivi, utazame ndani ya mgongo. Ukiona uzi mweupe kati ya mafungu ya karatasi, umeshonwa. Usipoona uzi katika sehemu tatu au nne ulizofungua, umebandikwa kwa gundi tupu, na kurasa zitaanza kutoka moja moja. Ukurasa wa msahafu uliotoka si kama wa gazeti. Utapeperuka, utaingia chini ya kochi, utafagiliwa pasipo mtu kukusudia. Ndiyo maana mshono una uzito kuliko jalada lenye dhahabu. Hesabu pia kurasa za mwanzo na mwisho wa kila fungu. Makosa ya ufungaji, kama fungu kurudiwa au kurukwa, hutokea, na namba za kurasa humfichua mfungaji.

Tazama karatasi. Ile ya rangi ya maziwa, isiyong'aa, ni bora kwa macho kuliko nyeupe ya kumeta. Inua ukurasa mmoja kwenye mwanga: maneno ya nyuma yakionekana kama kivuli kizito, mzee mwenye macho dhaifu atachanganya nukta. Misahafu yenye kurasa za rangi ya upinde wa mvua, kila sehemu na rangi yake, hatuipendekezi. Rangi nzito hupunguza weusi wa herufi, na hati ndiyo inayosomwa.

Neno kuhusu kushika dukani. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kuugusa na kuubeba msahafu kunahitaji udhu. Kitabu cha tafsiri ambacho maneno ya mfasiri ni mengi kuliko ya Qur'ani hakina sharti hilo, na mtoto aliyefikia kupambanua hazuiwi kuubeba kwa ajili ya masomo yake. Kwa hiyo nenda dukani na udhu, au umwombe muuzaji mwenye udhu akufungulie. Duka lenyewe nalo lipimwe: misahafu ipo juu ya vitabu vingine au chini yake? Imewekwa sakafuni penye maboksi? Kikokotoo na soda vimewekwa juu yake? Duka linalojali hapo kwa kawaida limejali pia kuagiza mzigo wenye mshono.

Mfuko. Mahameli ya kijani yenye uzi wa dhahabu ndiyo yanayouzwa zaidi, nayo kwa hali ya hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja ni chaguo baya kwa matumizi ya kila siku. Hushika unyevu na hayapumui. Kuvu huanza kuota hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 hadi 70 kwa siku nyingi mfululizo, na pwani hali hiyo ni ya kawaida. Mifuko ya zipu ni mibaya zaidi: meno ya chuma huota kutu kwa hewa ya chumvi, na mtu akifunga kwa haraka hukamata pembe ya ukurasa. Kinachofaa ni bafta au marekani, vitambaa vyepesi vya pamba, mita moja ikatosha misahafu miwili. Ifue mara mbili kwanza ili wanga wa kiwandani utoke, kwa sababu wanga ndio chakula cha mende na wadudu wa vitabu. Kata kipande chenye upana wa mara tatu ya msahafu, pinda kingo, ufunge kama bahasha bila kifungo wala chuma. Kifue kila mwezi. Karafuu kumi au kumi na tano kavu ndani ya kijifuko chake, karibu na msahafu na si ndani ya kurasa, husaidia kufukuza wadudu. Zibadilishwe harufu ikipungua.

Manukato yana kanuni yake. Watu hupenda kuunyunyizia msahafu marashi au kuufukiza udi usiku wa Ijumaa. Marashi yana maji na hukunja karatasi. Moshi wa udi una mafuta, na chetezo kikiwekwa chini ya rafu kila wiki, kingo za kurasa zitakuwa za kahawia baada ya miaka michache. Fukiza kitambaa, kiache kipoe, ndipo ukifungie. Asmini na mawaridi yasiwekwe kati ya kurasa. Maji yake huacha doa la umbo la ua. Wala noti za fedha, picha, au pini. Alama ni utepe wake, na kama umekatika, uzi wa pamba uliofuliwa. Na kidole kisilowekwe mate kugeuzia ukurasa.

Mahali pa kuuweka ni rafu yake peke yake, juu ya usawa wa kiuno na chini ya usawa wa macho, ili mkono wa mtu mzima uufikie bila kunyoosha mwili, na isiwe upande miguu inapoelekea kitandani. Acha nafasi ya sentimita 3 hadi 5 kati yake na ukuta, hasa ukuta wa mawe na chokaa, ambao hupandisha maji kutoka ardhini. Kabati la kioo lililofungwa hupendeza, lakini lifunguliwe kila siku. Msahafu wenye kuvu usipanguswe kwa kitambaa chenye maji wala kuanikwa juani. Usimamishe kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana kama feni, kwa siku mbili, kisha kuvu iliyokauka iondolewe nje ya nyumba kwa brashi laini, ukielekeza vumbi mbali na uso wako.

Jalada lililolegea hutengenezeka nyumbani kabla halijatoka. Chovya sindano ya kufumia katika gundi nyeupe ya mbao, iingize kwenye mfereji kati ya mgongo na jalada, izungushe ili gundi ienee ndani, uitoe. Weka karatasi ya nta kati ya jalada na ukurasa wa kwanza, funga, weka vitabu vingine safi juu yake hadi asubuhi. Hapo uzito ni dawa, na visiwe vitu vya aina nyingine. Selotepu usiiguse. Hugeuka njano, gundi yake hutambaa juu ya maneno, na ukiibandua huondoka na wino.

Juzuu za watoto ndizo zinazotusikitisha. Kwa karatasi nyembamba na pini mbili za chuma, kijitabu hicho hakimalizi mwaka katika mkoba wa mtoto. Kurasa zenye maneno ya Mwenyezi Mungu huishia vichochoroni, na hata kwenye karatasi za kufungia karanga. Juzuu ya bei ya chini kabisa ni ghali kwa hesabu hiyo. Ukilazimika kuinunua, ishone siku ileile. Zitoe pini kwa kisu butu. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja kati na mengine sentimita 2 kutoka kila ncha. Chukua uzi wa pamba mara mbili na nusu ya urefu wa juzuu. Ingia tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, rudi ndani kwa tundu la juu, pita ndani hadi tundu la chini bila kugusa la kati, toka nje, rudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi ziwe pande mbili za ule uzi mrefu wa ndani, zifungwe fundo juu yake. Kisha vika jalada la karatasi nene. Kazi ya dakika kumi, na mwalimu anayeweza kuwafundisha wanafunzi wakubwa kuifanya ameokoa juzuu za chuo kizima.

Spika na taa zenye visomo tutazipitia kwa ufupi. Sauti ya zile ndogo hupasuka kwenye herufi nzito, na betri huchoka upesi. Kasoro kubwa ni namna zinavyotumika: huwashwa dukani asubuhi na kuachwa zikisoma juu ya kelele za wateja, ilhali aya ya 204 ya Suratul-A'raf inaamrisha kusikiliza na kunyamaza Qur'ani inaposomwa. Nunua yenye kitufe cha kuzima kinachofikika upesi na inayokamilisha aya kabla ya kunyamaza, kama utaipata. Aya isiwe mlio wa simu, kwa sababu hukatwa katikati ya neno pale unapopokea, na simu haichagui mahali pa kulia. Kalamu za kusoma, zinazotoa sauti zikigusa aya, ni msaada wa kweli kwa mtu mzima anayeanza. Ila msahafu wake hufanya kazi na kalamu yake tu, na kalamu ikifa utabaki na msahafu mnene mno kwa marufaa ya kawaida. Kwa programu za simu, ile isiyo na matangazo ndiyo ya kuchagua. Tangazo la kamari likitokea juu ya sura si jambo la kuvumilia. Zima arifa kabla ya kusoma, na funga programu kabla ya kuingia msalani.

Kuhusu misahafu ya wakfu: ile iliyopigwa mhuri wa wakfu wa msikiti ni ya msikiti huo. Haiazimwi nyumbani hata kwa siku moja bila idhini ya msimamizi, na hainunuliwi, hata ukiikuta inauzwa sokoni. Wanaotaka kuweka wakfu wapeleke marufaa tano imara na misahafu kumi iliyoshonwa, na si katoni mbili za iliyobandikwa. Misikiti mingi haina upungufu wa idadi. Ina rundo la iliyochakaa.

Na rundo hilo, pamoja na kalenda za ukutani zenye aya, ratiba za Ramadhani na juzuu zilizochanika, linahitaji chombo chake. Kitu chenye thamani kuliko marufaa yoyote ya nakshi ni ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko, iliyo safi na isiyowahi kuwekewa kingine, iliyoandikwa wazi kazi yake, ikawekwa juu ya benchi chuoni au msikitini. Kalenda ya mwaka uliopita ndiyo hutupwa zaidi bila kufikiri; ikiwa na ndoo ya kwenda, huenda.

Ndoo ikijaa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuzika. Vua majalada yote ya plastiki, hayaozi. Funga karatasi kwa bafta safi, chimba hadi magotini au zaidi, mahali pasipopitwa na watu, pasipolima mtu, wala pasipofikiwa na maji ya chini, jambo ambalo kwenye mchanga wa ufukweni halipatikani kirahisi. Ya pili ni kuchoma, na hoja yake ni kitendo cha Sayyidna Uthman, khalifa wa tatu, alipoziunguza nakala nyingine baada ya kuwaunganisha watu juu ya msahafu mmoja. Kuosha maandishi, kulikofaa kwa wino wa masizi wa mbao za kuandikia za chuoni, hakufai kwa wino wa kiwandani, hautoki kwa maji. Wala msiutupe msahafu mzima baharini. Huelea, na maji yakijaa huurudisha ufukweni.

Anayechoma asitie kitabu kilichofungwa motoni. Hewa haingii kati ya kurasa, na baada ya saa nzima katikati yake ni nzima kabisa. Kata mshono, tenganisha mafungu, tia karatasi chache chache katika pipa la bati lililotobolewa chini, siku isiyo na upepo, pipa likiwa limefunikwa wavu ili kipande kisipeperuke. Usiondoke moto ukizimika. Karatasi iliyoungua ikiwa bapa huwa nyeusi na maneno yake bado yanasomeka juu ya majivu, na wengi huyamwaga hivyo hivyo bila kuona. Yaache yapoe, yamwagie maji, yasage kwa mti safi hadi pasibaki kipande chenye herufi, ndipo yazikwe, au yabebwe kwa mtumbwi na kumwagwa maji makuu, mbali na ufuko watu wanakokwenda haja.